Mwizi wa Watu: Historia ya Kopi-Pesti Ambayo Lekchara Hakukuambia

Wasee, swali la kwanza. Ukiniibia simu, mimi nabaki bila simu. Huo ni wizi, hata mtoto wa nasari anaelewa. Lakini ukichukua aya kwenye kitabu cha mtu ukaibandika kwa asaimenti yako, kitabu chake bado kiko kwa rafu na maneno yote yamo. Hajapoteza kitu, si ndio? Sasa mbona chuo kinakuita mbele ya kamati ya nidhamu? Mbona unapewa sifuri kwa yuniti nzima?

Nimewauliza makomredi wengi hili swali na majibu huwa mawili tu. "Ni sheria ya chuo." Ama, "Turnitin itakushika." Yaani hakuna aliyewahi kuelezwa sababu. Na ukimpa mtu sheria bila sababu, kazi yake inakuwa kutafuta mahali pa kuirukia. Ndio maana kuna vijana wanajua mbinu kumi za kushusha asilimia ya Turnitin na hawajui hata moja ya kutaja chanzo vizuri.

Najua kuna mmoja tayari anasema, "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, utatufunza nini?" Kweli niliacha, karo ilitushinda nyumbani. Kusoma sikuacha. Na hii kazi ya kontenti imenionyesha kitu. Script niliyokesha nayo siku tatu, mse mwingine aliisoma neno kwa neno mbele ya kamera yake akapata watazamaji mara kumi ya wangu. Script yangu bado iko kwa simu. Lakini nikiiposti leo, watu wananiambia mimi ndiye nimemwiga yeye. Kwa hivyo kuna kitu kiliibiwa pale, na si yale maneno yenyewe. Ni kitu gani? Hiyo ndiyo historia tunaenda kuifuata, na inaanza mbali sana, Roma.

Neno lilitoka wapi

Karibu mwaka wa 86 baada ya Kristo, mshairi mmoja aitwaye Martial alikuwa anaishi Roma. Alizaliwa nchi tunayoiita Uhispania leo, akaenda mji mkuu kutafuta maisha, kama vile watu wanavyopanda basi kuja Nairobi. Zamani hizo vitabu vilinakiliwa kwa mkono na mashairi yalisomwa kwa sauti mbele ya watu. Sasa kuna jamaa, Martial anamwita Fidentinus, alikuwa anasoma mashairi ya Martial kwenye hadhara na kusema ni yake.

Martial alikasirika, akamtafutia jina. Alimwita *plagiarius*. Kwa Kilatini cha wakati huo, hilo neno halikuhusu vitabu hata kidogo. *Plagiarius* alikuwa mwizi wa watu. Mtu anayemteka mtu huru na kumfanya mtumwa, au anayeiba mtumwa wa mwingine. Roma ilikuwa na sheria ya kuwaadhibu watu hao, iliitwa Lex Fabia. Martial alisema mashairi yake ni kama watumwa aliowaachilia huru, na sasa kuna mtu amewakamata tena njiani anawaburuta utumwani.

Hapo ndipo lilipotoka lile neno la Kiingereza, *plagiarism*, ambalo unaliona kila semista kwa karatasi ya maelezo ya kozi. Chini yake kuna picha ya mtu aliyetekwa.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana hiyo picha. Mtu aliyeuzwa sokoni Kilwa au Unguja mara nyingi alipewa jina jipya. Mwili ulikuwa ule ule, nguvu zile zile, lakini ile njia ya kurudi kwao, jina la baba, jina la kijiji, ilikatwa. Mjukuu wake akiuliza "tulitoka wapi?", hakuna wa kumjibu.

Basi hilo ndilo jibu la swali letu. Ukikopi bila kutaja, maneno hayapotei. Kinachokatwa ni njia ya kurudi kwa aliyeyasema.

Martial alikuwa na utani mwingine kwa Fidentinus, nao utunze, tutauhitaji tukifika Nairobi. Alimwambia hivi: kama unataka mashairi yaitwe yangu, nitakutumia bure. Kama unataka yaitwe yako, basi yanunue, ili yaache kuwa yangu.

Watu waliokataa njia ikatwe

Kuna dhana kwamba kutaja vyanzo ni mambo ya wazungu, ati APA na ndugu zake. Hebu tuangalie tarehe. Maelekezo ya kwanza ya APA yalitoka Marekani mwaka wa 1929. Sasa rudi nyuma zaidi ya miaka 1,000. Al-Bukhari, aliyezaliwa Bukhara mwaka wa 810 na kufariki 870, alikusanya hadithi za Mtume. Kila hadithi iliwekewa mnyororo wa majina: nimeambiwa na fulani, aliyeambiwa na fulani, aliyesikia kwa fulani. Mnyororo huo unaitwa isnadi. Wasomi wa kazi hiyo walichunguza kila jina. Huyu alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwa nzuri? Aliwahi kukutana na huyo anayesema alimsikia, au walitenganishwa na miaka 50? Mnyororo ukikatika katikati, hadithi inashushwa daraja, hata maneno yake yawe matamu namna gani.

Ona vizuri kazi ya majina hapo. Hayakuwekwa kwa sababu ya heshima peke yake. Yaliwekwa ili mtu wa baadaye aweze kukagua. Bila mnyororo unabaki na "inasemekana", na ndugu zangu, "inasemekana" ndiyo imejaza zile grupu za WhatsApp za familia.

Utamaduni huo ulifika pwani yetu zamani sana, na wanafunzi wa elimu ya dini walipokea kwa walimu wao ijaza, ruhusa ya kufundisha inayotaja mwalimu alisoma kwa nani. Washairi nao walijua thamani ya jina. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka wa 1858 hivi, akimwachia binti yake mawaidha. Karibu na mwisho wa utendi anajitaja: jina lake, jina la baba yake, kwamba alizaliwa Pate, na mwaka wa kutunga, 1275 wa Hijria. Mama mgonjwa, karibu na kifo, bado anaandika mwandishi na tarehe. Wewe unasahau kuweka mwaka kwa sababu ni saa sita usiku na dedilaini ni asubuhi.

Muyaka bin Haji wa Mombasa je? Alifariki karibu na 1840. Mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu. Miaka mingi baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alishirikiana na mmishonari William Taylor kuyakusanya na kuyaandika. Mwaka wa 1940 yakachapishwa kama diwani. Hesabu: miaka mingi baada ya kifo chake, bila mashine yoyote ya kukagua, watu wa Mombasa walikuwa bado wanajua shairi hili ni la Muyaka. Na tunajua pia jina la Sikujua, aliyefanya kazi ya kuyatafuta. Huo ndio mnyororo ukiwa mzima.

Sheria ya pesa ni kitu kingine

Hapa watu huchanganya, kwa hivyo tutulie. Mwaka wa 1710 Uingereza ilianza kutumia sheria inayoitwa Statute of Anne. Kwa mara ya kwanza mwandishi alipewa haki ya kitabu chake kipya kwa miaka 14, na miaka 14 mingine kama bado yuko hai. Huo ndio mwanzo wa hakimiliki tunayoijua. Kenya nayo ina sheria yake ya hakimiliki ya 2001, na kitabu kinalindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Hakimiliki inauliza: nani anaruhusiwa kuchapisha na kula pesa? Inaisha muda. Kutaja chanzo kunauliza: nani alisema, na tunaweza kukagua wapi? Hiyo haiishi muda. Shakespeare hana hakimiliki tena, unaweza kuchapisha tamthilia zake zote na kuziuza pale Luthuli Avenue bila kumlipa mtu. Lakini ukiandika jina lako juu ya *Hamlet*, wewe bado ni mwizi wa watu.

Mbona tunakopi basi

Tuwe wakweli. Wengi wa mnaonisoma mmepitia 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka wa 1985. Mwalimu anaandika ubaoni, wewe unanakili. Kwenye mtihani unarudisha maneno yake vile vile, unapata alama zote. Insha je? Tulikariri mianzo mizima, jua likichomoza, ndege wakiimba, na tukapigiwa makofi. Hakuna aliyeuliza huo mwanzo ni wa nani. Miaka kumi na miwili unasifiwa kwa kurudisha maneno ya mwingine bila jina, halafu ukiingia chuo, wiki ya kwanza, unaambiwa hiyo tabia ni kosa la kufukuzwa.

Ongeza kwamba unaandika kwa Kiingereza cha vitabu, lugha ambayo hata nyumbani hamuongei hivyo. Unasoma sentensi ya profesa, unaona wewe huwezi kuisema vizuri kumshinda, basi unaichukua. Huo ni woga zaidi ya uvivu. Sisemi hivyo kukutetea mbele ya kamati, kamati haitakusikiza. Nasema ili ujue unapigana na nini.

Mashine na Wajerumani

Mwaka wa 1998 wanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianzisha kampuni iliyokuja kuwa Turnitin. Programu inalinganisha kazi yako na kurasa za intaneti, majarida, na kazi za wanafunzi wengine ilizohifadhi. Biashara ilikua hadi mwaka wa 2019 ikanunuliwa kwa dola bilioni 1.75. Lakini sikiza, kampuni yenyewe inasema haigundui wizi. Inagundua kufanana. Kazi yenye asilimia 25 inaweza kuwa safi kabisa, nukuu zote zina alama na majina. Kazi yenye asilimia 3 inaweza kuwa imeibwa yote, wazo kwa wazo, maneno tu ndiyo yamevishwa nguo mpya. Mashine inaona nguo. Aliyevaa haimwoni.

Na usidhani ukipita leo umepita. Karl-Theodor zu Guttenberg alikuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani, kijana, mtanashati, watu wakisema atakuwa kansela. Februari 2011 ikagunduliwa tasnifu yake ya udaktari wa sheria, ya Chuo Kikuu cha Bayreuth, imejaa maandishi ya watu. Raia wa kawaida walifungua ukurasa mtandaoni wakaanza kuikagua pamoja, na wakapata vipande vya kukopi kwenye zaidi ya asilimia 90 ya kurasa. Hata mwanzo wa utangulizi ulitoka kwenye makala ya gazeti. Watu wakampa jina Googleberg. Chuo kikamvua shahada, na tarehe 1 Machi 2011 akajiuzulu.

Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Annette Schavan, na huyu alikuwa waziri wa elimu. Shahada yake ilikuwa ya 1980. Chuo Kikuu cha Düsseldorf kiliifuta Februari 2013, miaka 33 baadaye, naye akajiuzulu siku chache tu baada ya hapo. Kazi uliyoikabidhi haizeeki. Inakaa kwa maktaba ikingoja msomaji mwenye muda.

Sasa turudi Nairobi

Kumbuka utani wa Martial: yanunue, ili yaache kuwa yangu. Hapa kwetu huo utani uligeuka ajira. Ukienda mitaa iliyo karibu na vyuo, Juja, Kahawa, Roysambu, utapata bedsita ambazo taa hazizimwi usiku. Ndani kuna raita. Ana shahada, hana kazi, anaandika asaimenti za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa akaunti ambayo wakati mwingine hata si yake, ameikodi. Mwaka wa 2019 gazeti la New York Times liliandika juu ya hii biashara hapa Kenya. Mwaka wa 2024 ikatoka filamu, *The Shadow Scholars*, ikimfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford aliyezaliwa Kenya, akiwasikiza hawa waandishi.

Nchi za wanunuzi zilianza kujikinga. Ireland ilipitisha sheria 2019, Australia 2020. Uingereza ikafuata Aprili 2022, ikifanya kuuza au kutangaza hizi huduma kuwa kosa la jinai. Ona ilivyokaa: sheria hiyo ya Uingereza inamlenga anayeuza. Mwanafunzi aliyenunua anaachiwa chuo chake.

Mimi hiyo stori inanikera kwa sababu moja. Kuna Mkenya ameandika kazi za uuguzi, za historia, za uchumi, zikapata alama za juu kwenye vyuo ambavyo yeye hangepewa hata viza ya kuvitembelea. Uwezo upo, umethibitishwa na maprofesa wa huko wenyewe. Lakini hawezi kuuweka kwa CV. Hakuna barua, hakuna cheti, hakuna jina. Ameuza, kwa hivyo kazi imeacha kuwa yake. Na tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, oda zimepungua, na hana ushahidi wowote wa miaka yote aliyofanya kazi.

Kwa hivyo komredi, unapomlipa mtu akuandikie, usijidanganye unamsapoti. Unanunua jina lake ulifute. Na wewe unabaki na shahada ambayo njia yake ya kurudi haifiki kwako.

Sasa ufanye nini

Historia imeisha, tuingie kazi.

Kwanza, chanzo kabla ya noti. Kabla hujaandika neno lolote kutoka kwa kitabu, andika juu: mwandishi, mwaka, jina la kazi, ukurasa. Ukinakili maneno yenyewe, weka alama za kunukuu hapo hapo kwenye noti. Kesi nyingi hazianzi na nia mbaya. Zinaanza na noti ambazo baada ya wiki mbili hujui ni zako au za kitabu.

Pili, soma, funga, eleza. Funga kitabu kabisa. Mrekodie rafiki yako voisi umweleze ile aya ilisema nini, kwa lugha yoyote, hata Sheng. Ukishindwa, hujaelewa, rudi usome. Ukiweza, andika ulichosema, kisha fungua kitabu ukague kama umemtendea haki mwandishi. Na jina lake bado unaliweka, hata kama maneno ni yako, kwa sababu wazo ni lake.

Tatu, kubadilisha maneno hakutoshi. Chukulia kitabu kinasema: "Reli iliyoanza Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na vibarua wengi waliletwa kutoka India." Wewe unaandika: "Njia ya garimoshi iliyoanzia Mombasa mnamo 1896 iliwasili Kisumu 1901, na wafanyakazi wengi walitolewa India." Huo bado ni wizi, mifupa ni ile ile. Sasa ona hii: "Reli ilichukua miaka mitano kutoka bahari hadi ziwa. Mwandishi anaonyesha vibarua wengi walitoka India, na hilo linaniletea swali: kwa nini serikali ya kikoloni haikuwategemea watu wa hapa?" Halafu chanzo na ukurasa. Hapo umempa mwenye kitabu chake, na wewe umeleta swali lako. Lekchara anatafuta hilo swali.

Nne, jua kisichohitaji chanzo. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, hilo ni la kila mtu. Lakini hoja ya mtu juu ya *kwa nini* Waingereza waliondoka, hiyo ina mwenyewe.

Tano, ChatGPT na wenzake. Uliza lekchara mapema anaruhusu nini, na uulize kwa maandishi. Usiwahi kutaja kitabu ulichopewa na mashine bila kukitafuta, kwa sababu huwa inatunga vitabu ambavyo havipo. Huo ni mnyororo wa majina ya uongo, na mtu yeyote wa isnadi angekucheka.

Sita, hifadhi rasimu zako zote, kuanzia ile mbovu ya kwanza. Mashine za kugundua AI zinakosea, na zinaweza kukosea kwako. Siku ukiitwa, noti na rasimu zenye tarehe ndizo zitaonyesha ulitembea wapi hadi kufika pale.

Kama una kazi ya kukabidhi Ijumaa, fungua ukurasa mpya leo usiku uandike vyanzo vitatu tu, na majina kamili. Na kama kwa grupu lenu la darasa kuna yule anasema "nitumie yako nibadilishe kidogo", mtumie hii badala yake.